Mhariri, kwa Oliver! kashfa mmeitafuta sehemu siyo

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi na poleni na kazi. Naandika kuhusu ile makala fupi kwenye ukurasa wenu wa burudani, ile iliyotuambia sisi tuliokua na muvi ya Oliver! kwamba tulipigwa changa la macho, eti yule mtoto stelingi hakuwa anaimba yeye, alikuwa anachezesha mdomo tu na sauti ni ya mwanamke fulani. Nimeisoma yote mpaka mwisho, nikampigia mdogo wangu nikamsomea, akacheka sana akaniuliza hivi hawa ndo wamejua leo? Kwa kweli hiyo habari ina miaka na miaka, na mwandishi wenu ameiandika kama vile kafumania mtu.

Sasa naomba nafasi kidogo niseme la kwangu, maana hii muvi naijua kwa kuimba na kwa kupiga mluzi.

Oliver! ni ya mwaka 1968, ikaongozwa na Carol Reed, Mwingereza, na hadithi yenyewe katoa Charles Dickens, yule mtoto yatima aliyezaliwa kwenye nyumba ya maskini akaomba aongezewe uji ikawa kesi. Nyimbo katunga Lionel Bart, na huyu bwana kwa taarifa yenu hakujua kusoma nota wala kuandika, alikuwa anaimba kwa mdomo mwenzie anaandika. Yani mwanamuziki asiyejua nota ndo katunga nyimbo ambazo mpaka leo ukimgusa mtu wa rika langu zinamtoka zenyewe. Mbona huyo hamkusema katupiga changa la macho?

Stelingi ni Mark Lester, kazaliwa 1958, kwa hiyo wakati wanapiga ile picha alikuwa na miaka nane, tisa hivi. Sura ile hata ungeisaka dunia nzima usingeipata nyingine, nywele nyeupe, macho makubwa, akikutazama tu unataka kumpa chakula chako. Ila kuimba, hapana. Sikio la muziki hakuwa nalo. Basi wakamchukua Kathe Green, dada wa miaka ishirini na kitu, binti wa Johnny Green mzee aliyekuwa anasimamia muziki wa filamu nzima, akaingia studio akaimba sehemu zote za Oliver, na jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu. Likakaa kimya miaka mingi. Hiyo ndo siri yote, hakuna nyingine.

Halafu jamani, sisi watu wa picha za Kihindi ndo wa kushtuka kwa jambo hili? Lata Mangeshkar kaimbia waigizaji wangapi wa kike, mama kaimbiwa na yeye, binti wa huyo mama kakua naye kaimbiwa na yeye, na kila mtu ukumbini anajua, na machozi yanatoka vilevile. Hata hao wazungu wenyewe, Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady ya 1964 nyimbo karibu zote kaimba Marni Nixon, na huyohuyo Marni Nixon ndo kamwimbia Natalie Wood kwenye West Side Story. Ilikuwa ni kazi kama kazi nyingine. Mmoja analeta sura, mwingine analeta koo, fundi anaunganisha.

Na kaunganisha vizuri! Mchukueni tu Oliver kule kwa mtengeneza majeneza. Ameshauzwa kama mbuzi, katembezwa kwenye theluji huku Bumble, yule ofisa wa nyumba ya maskini, anamnadi barabarani, kafika pale kijana mmoja anaitwa Noah akamtukana mama yake marehemu, Oliver akamrukia, ikawa vurugu, wakamfungia kwenye chumba cha chini ya nyumba pamoja na majeneza. Ndo hapo anaimba Where Is Love. Hakuna watu wanaocheza, hakuna ngoma, ni mtoto mmoja na majeneza na kidirisha cha nondo juu kinachoingiza mwanga. Sauti inaanza chini sana, karibu aongee. Siku hizi nikiisikiliza kwa hedifoni nasikia kabisa kwamba pumzi ile siyo ya mtoto wa miaka tisa, sauti inashikiliwa mpaka mwisho bila kuyumba, mtoto angeshakata njiani akameza mate. Lakini Kathe hakuimba kama mtu mzima anayejifanya mtoto, ile ya kubana pua na kudeka, hapana, kaimba nyembamba, kavu, hakuna madoido hata moja. Halafu wimbo ukiisha Oliver anajiegemeza kwenye zile nondo, zinafunguka, mtoto anatoka anakimbia kwenda London. Muvi nzima imegeuka hapo. Angeimba Mark kwa sauti yake ile isiyokaa kwenye ufunguo si tungecheka? Na tukishacheka hapo, nani atahangaika naye akifika London?

Nyumbani kwetu tuliiangalia kwenye deki mpaka mkanda ukaanza kuweka mistari. Mama alikuwa na utaratibu wake, ikifika kile kipande cha yule jambazi Bill Sikes na mwanamke wake Nancy pale darajani anainuka anasimama mbele ya kioo cha TV, kimya, mikono kiunoni, mpaka kipite. Kwa hiyo mimi kwa miaka mingi nilijua Nancy yupo halafu hayupo, sikujua kaenda wapi, na sikuthubutu kuuliza. Ni muvi ya familia hiyo, ilipewa alama ya kuangaliwa na rika zote, na bado ina mama wa watu anapigwa hadi kufa. Tena ndo ikachukua Oscar ya filamu bora ya mwaka 1968, na baada ya hapo muvi ya nyimbo haikuchukua tena mpaka ilipokuja Chicago, zaidi ya miaka 30 mbele. Watoto wa siku hizi nikiwawekea wanasema ni ndefu, kweli ni ndefu, saa mbili na nusu, ila ikifika ile asubuhi ya muuza maua, sauti moja ya mwanamke inaanza peke yake barabarani, anakuja wa maziwa, anakuja wa matunda, anakuja mnoa visu, mpaka mtaa mzima unaimba na kucheza, hapo hata mwenye simu anainua kichwa.

Nirudi kwenye hoja maana najijua.

Mhariri, kama mwandishi wenu alikuwa anatafuta kitu cha kumuumiza roho kwenye hii muvi, alimpita mtoto wa pili. Yule Dodger, mtoto mwizi wa mifukoni, mwenye kofia ndefu na koti la mtu mzima lililomfika chini, anayemkaribisha Oliver mjini kwa ule wimbo wa kujiona mwenyeji. Huyo ni Jack Wild. Huyo kaimba mwenyewe, kila neno. Hakukopa sauti ya mtu. Waliomgundua walimkuta anacheza mpira na kaka yake bustanini, aliyemwona alikuwa wakala wa waigizaji watoto, mama yake Phil Collins, ndiyo Phil Collins mwanamuziki, huyohuyo mnayemjua, ambaye naye utotoni kacheza huyuhuyu Dodger jukwaani. Jack akawa na miaka 16 tu anatajwa kuwania Oscar ya muigizaji msaidizi bora. Marekani wakamchukua, wakampa kipindi cha TV cha watoto 1969, wakamrekodisha nyimbo, sura yake kwenye magazeti ya wasichana kila mahali.

Na sigara keshaanza, na pombe keshaanza, bado mtoto. Alipofika umri wa miaka 21 kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mlevi wa kupindukia. Kazi zikapungua, pesa ikaisha, ndoa ikavunjika, moyo ukamsumbua, kaja kuacha pombe mwishoni mwa miaka ya themanini wakati mengi yameshaharibika. Mwaka 2000 akakutwa na saratani ya mdomo. 2004 wakampasua na baada ya hapo hakuweza kuongea tena. Kafariki Machi 2006, ana miaka 53.

Mtoto aliyeimba kwa sauti yake ndo sauti ikamtoka. Yule aliyeazimwa sauti, Mark, aliacha uigizaji akiwa kijana, akasoma, akawa tabibu wa mifupa na viungo, anakanda watu migongo kwa utulivu wake. Sasa niambieni kati ya hao wawili yupi wa kuandikiwa makala ya masikitiko.

Najua mtasema pombe ni pombe, hata wasiowahi kuimba wanakunywa. Sawa. Na sisemi kwamba ile muvi ndo ilimmiminia, wala sina ugomvi na Carol Reed, wanaosimulia wanasema alikuwa mpole sana kwa watoto. Ninachosema ni kwamba sisi watazamaji tunaipenda sauti ya mtoto kwa pupa, tunataka aendelee kuwa hivyohivyo, akibalehe koo likikwaruza tunamsahau tunatafuta mwingine, na katikati hapo kuna mikataba, kuna mameneja, kuna watu wazima wanakula kwa jasho la mtoto wa darasa la nne. Na hili ni la zamani mno. Jackie Coogan, yule mtoto wa kwenye The Kid ya Charlie Chaplin ya 1921, ambaye mwaka uliofuata ndo kacheza Oliver Twist kwenye filamu isiyo na sauti (naam, naye alikuwa Oliver, hii familia ina mkosi), alipokuwa mtu mzima akakuta mamilioni ya dola aliyochuma yeye utotoni, mama yake na baba wa kambo wameshayatumbua, akaenda mahakamani 1938 akaambulia dola 126,000 tu. Ndo California wakatunga sheria 1939 yenye jina lake, na siku hizi inataka asilimia 15 ya malipo ya mtoto iwekwe pembeni mpaka akue. Asilimia 15, siyo nyingi, lakini ipo kwa karatasi.

Na leo? Leo mtoto haimbi kwenye filamu ya saa mbili na nusu yenye mwalimu na saa za kupumzika, anaimba sebuleni, maiki imefichwa kwenye nguo, baba anashika simu, mama anasoma komenti, na ikifanya vizuri kesho anarudia, kesho kutwa anarudia, akilia nayo inapostiwa. Jimbo la Illinois kule Marekani limeanza kutumia sheria Julai 2024 ya kuwatengea fungu watoto wanaoonekana kwenye video za wazazi wao, California nao wakafuata na yao. Hii ndo habari ningependa mwandishi wenu aichimbe, atuulizie mtoto anayetuchekesha kwenye simu zetu anaweka wapi chake, nani anasaini kwa niaba yake, na siku akisema sitaki tena inakuwaje. Angeanza na Jack Wild akaishia hapo, makala ingekuwa tamu na ingekuwa na kazi ya kufanya. Badala yake tukapewa habari ya dada aliyeimba vizuri tukaambiwa tukasirike.

Mimi sikasiriki. Juzi nimeiangalia tena na wanangu, nikawaambia kabla haijaanza kwamba anayeimba siyo huyu, ni dada anaitwa Kathe, wakasema sawa. Ilipofika chumba cha majeneza mdogo akanong'ona "dada Kathe huyo", halafu akakaa kimya mpaka wimbo ukaisha na Oliver akatoroka. Hakutapeliwa. Mwishoni Fagin, yule mzee anayefundisha watoto wizi, na Dodger wanaondoka pamoja wakirukaruka kuelekea jua linakochomoza, wakati kwenye kitabu cha Dickens Fagin ananyongwa na Dodger anasafirishwa mbali kama mfungwa, na hili nalo niliwaambia, na nalo wakasema sawa, ila yule mkubwa akataka kujua kwa nini walibadilisha. Nikamwambia kwa sababu Ron Moody kamcheza Fagin vizuri mno hakuna ambaye angekubali anyongwe. Hilo ni langu, msinukuu.

Na kwenye kile kipande cha Nancy ambacho mama alikuwa anatuzibia kwa kusimama mbele ya kioo, nami niliinuka. Mikono kiunoni hivyohivyo. Wakubwa wakalalamika.

Ombi langu moja Mhariri, mkija kuigusa tena hii muvi, na najua mtaigusa maana mwisho wa mwaka haukosi kuirudisha, msiandike tena "mwanamke fulani". Studio ilishamfanyia hivyo mwaka 1968, haikumtaja. Anaitwa Kathe Green, liandikeni lote, na pembeni yake mwandikeni Jack Wild, mseme huyu kaimba mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi, jina ninalo ila libaki kwenu ofisini, wanangu wanasoma gazeti.