Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye ufunguo wa viti vya udaktari India

Mheshimiwa,

Salamu za heshima. Nimekuandikia barua tatu kwa Kiingereza na moja kwa Kigujarati, na zote hazikujibiwa. Hii ninaiandika kwa Kiswahili, lugha ninayouzia leso hapa Biashara Street, Mombasa. Ukikosa mkalimani, angalau majirani watajua kwa nini duka langu limefungwa wiki nzima.

Jumanne binti yangu anayewania kiti katika chuo cha udaktari alipanga foleni ya ukaguzi wa vyeti huko kwenu tangu saa mbili asubuhi. Zamu yake ilifika saa tisa. Karani akaigeuza kadi yake ya OCI (kijitabu cha wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine), akaona imetolewa 2022, akamwambia aende kwenye viti vya NRI, yaani vya Wahindi wanaoishi ng'ambo. Hata kiti hakupewa akae.

Kadi ile ni ya pili, Mheshimiwa. Ya kwanza alipewa 2010, akiwa na miaka mitatu. Masika moja paa letu lilivuja, kijitabu kikaloa, tukalipia kingine, na risiti ninayo. Ukurasa wa ule wa zamani niliupiga picha, naye anatembea nayo. Karani hakutaka kuiona.

Sheria mnaijua kunishinda mimi muuza leso. Tangazo la Wizara yenu ya Mambo ya Ndani la tarehe 4 Machi 2021 liliwatoa wenye OCI kwenye viti vya kawaida, likawaachia vya NRI na vya ziada tu. Watu wakaenda mahakamani. Tarehe 3 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba tangazo hilo halirudi nyuma: aliyepata kadi kabla ya siku ile abaki na haki aliyokuwa nayo. Sasa nisaidie hesabu. 2010 iko kabla ya 2021, au huko kwenu miaka inahesabiwa vingine?

Viti vilivyotengewa jamii zilizobaguliwa sivigombei, ni haki yao. Lakini hivi vya NRI! Ada yake ni maelfu ya dola kila mwaka. Mwaka 2024 jimbo la Punjab lilitaka hata mwenye mjomba au shangazi ng'ambo ahesabiwe NRI. Mahakama Kuu ikafuta, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa na kuuita mchezo huo ulaghai. Nashuku (ushahidi sina, ni uchungu wa mama tu) kwamba wapwa wale walipofungiwa mlango, viti vyao vilihitaji watu wa kuvilipia.

Nairobi hakuna kituo cha NEET, mtihani wenu wa kuingia vyuo vya udaktari. Ilibidi binti yangu apande ndege hadi Muscat, akalala kwa shangazi yake, akapata 541 kati ya 720. Nauli ilitoka kwenye bangili za harusi yangu.

Januari ulisimama mbele yetu watu wa ng'ambo ukatuambia India ni nyumbani kwetu na mlango u wazi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Sitaki fidia, wala sitaki karani afukuzwe. Nilinuia kuomba na kituo cha mtihani Nairobi, lakini hilo lingoje. Raundi hii ya kugawa viti inafungwa Ijumaa. Mwambie mtu mmoja tu aifungue ile picha asome mwaka. 2010, Mheshimiwa. Ausome tu.

Wako kwa heshima,
Mama wa mtahiniwa, Ganjoni, Mombasa