Wenye magoti mabovu nao waingie majini

Mhariri,

Jumapili yoyote katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Pirates, Mombasa, vijana na watoto wako majini, na wazee wako mchangani wakilinda viatu na vyakula. Naona tumepanga kinyume. Mwenye haja zaidi na maji ni yule mama mtu mzima aliyeshuka matatu kwa kushikwa mkono kwa sababu goti limegoma kukunjika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kulika viungo, goti likiongoza, na wengi wao ni wanawake. Kwetu tiba yake ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, siku nenda siku rudi, mpaka tumbo na figo ziingie matatani. Daktari akisema fanya mazoezi, mgonjwa anamtazama tu. Atatembeaje na kila hatua inachoma?

Atembee majini. Maji yakifika kiunoni, miguu inabeba takriban nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, kama theluthi. Mwenye kilo 90 anapiga hatua kwa kilo 30 hivi. Na kwa kuwa maji yanakukinza kila unaposogea, misuli ya paja inayolishikilia goti inapata kazi. Si lazima ujue kuogelea. Unatembea mbele, nyuma na ubavu, unainua magoti, unajiinua kwa vidole huku umeshika ukingo. Nusu saa, mara mbili tatu kwa wiki. Tiba ya kuponya si hii. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha tafiti 13 za mazoezi ya majini, yalikuta nafuu ndogo na ya muda mfupi, lakini nafuu ndogo isiyochoma tumbo mimi naipokea.

Wanaohofia baridi ya maji kuingia mifupani watulie kidogo: bahari yetu haishuki sana chini ya nyuzi 25. Ulaya wanalipia umeme kupasha maji ya mazoezi haya, sisi jua linatupashia bure.

Nimeambiwa, basi si bahari ipo, waende. Bahari ni nzuri msimu wa kaskazi, maji yakiwa yamejaa kiasi. Kusi likivuma mawimbi yanamwangusha hata mzima, na maji yakipwa unakanyaga mawe na miiba. Halafu kuna stara, ambayo wapanga mipango wetu hawaitaji kabisa. Mama wa Kisauni au Majengo haingii majini mbele ya wanaume. Akiingia na dera lake, linalowa, linamzonga miguuni, na mwenye goti bovu akizongwa anaanguka. Wapo wanaowaita akina mama hawa wavivu. Hawajawahi kutembea majini na dera.

Kuanzia Nyali hadi Shanzu kuna hoteli ambazo vidimbwi vyake vya kuogelea hukosa watu mvua za masika zikianza. Serikali ya kaunti, ambayo tangu 2013 ndiyo yenye jukumu la afya mashinani, izungumze na wenye hoteli watoe asubuhi mbili kwa wiki, moja iwe ya wanawake pekee, na mwokoaji awe mwanamke. Hospitali zetu zitoe mtaalamu wa tiba ya viungo wa kuwaelekeza, na yeye ndiye aamue nani aonane na daktari kwanza: mwenye kidonda, moyo dhaifu, presha isiyotulia au kiungo kilichovimba na kupata moto. Kidimbwi kichaguliwe chenye vidato vipana na chuma cha kushikilia. Ile ngazi ya wima inayoning'inia ukingoni ni adhabu kwa watu hawa.

Ada iwe ndogo, lakini iwepo, hoteli zisije zikachoka mapema. Mazungumzo yaanze sasa ili masika ijayo ikute ratiba tayari.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa