Salim, sura ya Glarus isiende kwa mpigachapa bado

Ndugu yangu Salim,

Salamu kwako, kwa Mama Nasra na kwa wote wa nyumba ile. Nimekaa kimya tangu kabla ya Ramadhani, nawe una haki ya kuninunia, ila nuna baadaye. Kwanza mpigie simu mpigachapa, umwambie sura ya Glarus katika kitabu chako cha manispaa za Uswisi isubiri. Kati ya kantoni, yaani majimbo ya Uswisi, kurasa za Ticino ni safi, za Vaud zimepungukiwa na koma tu. Hii ya Glarus, hapana.

Umeandika vidahizo 25, na kila kimoja kinaanza: "ni manispaa katika kantoni ya Glarus". Salim, manispaa hizo 25 hazipo! Tangu tarehe 1 Januari 2011 ziko tatu tu: Glarus Nord, Glarus na Glarus Süd. Na habari yenyewe ni tamu, nashangaa umeikosa. Tarehe 7 Mei 2006 serikali ya kantoni ilipeleka mbele ya Landsgemeinde pendekezo la kubakiza manispaa 10. Landsgemeinde ndio ule mkutano wa wapiga kura wa kantoni nzima: wanasimama uwanjani, wanainua kadi, na mwenye kuongoza anakadiria kwa macho upande upi umezidi. Raia mmoja akapanda jukwaani akapendekeza ziwe tatu. Kadi zikainuka, zikapita tatu. Wapinzani wakadai mkutano mwingine wa dharura, ukaitwa tarehe 25 Novemba 2007, nao ukashikilia tatu zile zile.

Kwa hiyo hiyo "ni" yako ndiyo ninayogombana nayo. Andika hivi: "Elm ni kijiji katika manispaa ya Glarus Süd. Hadi mwisho wa mwaka 2010 kilikuwa manispaa yenyewe." Corippo ya Ticino mbona uliipatia? Umesema vizuri kabisa kwamba ilikuwa na watu kumi na kitu, ikaingizwa katika manispaa mpya ya Verzasca tarehe 18 Oktoba 2020. Nadhani Glarus umedanganywa na posta. Anwani hadi leo ni 8767 Elm, kana kwamba hakuna kilichotokea, maana posta haina habari na kuungana kwa manispaa. Ukitaka kujua kama manispaa iko hai, tazama namba yake ya ofisi ya takwimu ya shirikisho. Aeugst am Albis ni 1, Glarus Süd ni 1631. Manispaa ikiungana na nyenzake kuunda manispaa mpya, namba za zamani hustaafishwa na mpya hutolewa. Weka namba hiyo pembeni mwa kila kidahizo na hutapotea.

Kidahizo cha mji wa Glarus ndicho kibaya zaidi, kwa sababu jina limebaki ilhali mwili umebadilika. Glarus ya leo, namba 1632, imemeza Ennenda, Netstal na Riedern. Wewe umechora mstari mmoja wa idadi ya watu kuanzia 1850 hadi juzi, halafu unauliza mbona mji "ulistawi ghafla" baada ya 2010. Haukustawi, umepanuliwa mipaka. Kata mstari hapo, au jumlisha zile nne tangu mwanzo na useme umejumlisha.

Tukiwa hapo kwenye jedwali: futa safu za 1890 na 1940. Miaka hiyo hakukuwa na sensa. Walihesabu 1850, 1860, 1870, 1880, kisha 1888, kisha 1900 na kuendelea kila miaka kumi, ila ile ya 1940 ilifanyika 1941. Sensa ya mwisho ya mtindo wa zamani ni ya 2000. Tangu 2010 takwimu hutolewa kila mwaka kutoka kwenye daftari za wakazi. Nani alikupa hizo namba za 1890? Kama ni Bakari amegawanya katikati kwa kikokotoo, mwambie nimemwona.

Na Rüti. Ewe ndugu yangu, Rüti yako imeshiba! Umeipa watu zaidi ya elfu kumi na mbili, hiyo ni Rüti ya Zürich. Ya Glarus ni kijiji cha watu mia kadhaa karibu na Linthal. Angalia na Haslen pia, maana kuna nyingine kantoni ya Appenzell Innerrhoden. Dawa ni moja: herufi mbili za kantoni zisiachane na jina hata siku moja, Rüti GL, Rüti ZH. Nukta mbili juu ya herufi nazo si urembo. Mpigachapa akizidondosha, Schwändi inakuwa Schwandi, na msomaji ataona ni Schwanden imekosewa. Ni vijiji viwili tofauti, tena vya jirani.

Neno "manispaa" lenyewe linanikereketa, ingawa sina bora zaidi. Msomaji wa Tanzania akisikia manispaa anaona Kinondoni, Ilemela, watu malaki. Hapa tunataja sehemu yenye watu sabini inayoitwa jina hilo hilo. Kwa namna inavyoendeshwa inafanana zaidi na kijiji chetu cha kisheria na mkutano wake mkuu wa watu wazima wote, isipokuwa wao katika mkutano huo hupitisha bajeti na kupanga kiwango cha kodi ya mapato ya wakazi. Basi liache "manispaa" libaki, ila eleza hili mara moja kwenye dibaji. Na usitafute wilaya Glarus. Hakuna, ni kantoni kisha manispaa.

Elm. Umeandika "tetemeko la 1881". Halikuwa tetemeko, ni mlima uliporomoka, na kwa mikono ya watu. Juu ya kijiji walichimba jiwe la sleti, lile la vibao vya kuandikia vya wanafunzi. Walikata tumbo la mlima kwa chini, ufa mrefu, wakaacha jabali zima linaning'inia juu bila nguzo za kutosha. Jumapili tarehe 11 Septemba 1881 likaja chini, kama mita za ujazo milioni 10. Soma vizuri namna lilivyokwenda, maana hapo ndipo vifo vilipotokea: halikuteremka tu kufuata bonde. Liligonga ngazi ya machimbo, likaruka likavuka hadi mteremko wa ng'ambo, Düniberg, mahali ambapo watu walikuwa wamekimbilia wakidhani wamepona. Ndipo likageuka na kufagia bonde. Walikufa zaidi ya watu 100. Nakuomba hapa uandike aya mbili, na uipunguze ile ya Suvorov, jenerali wa Urusi. Alilala Elm usiku mmoja, tarehe 5 kuamkia 6 Oktoba 1799, akapanda njia ya mlima ya Panix, basi. Wewe umempa nusu ukurasa.

La mwisho, nalo ni zito kuliko unavyodhani: "mzaliwa wa". Umeliweka kila unapokuta jina la mtu karibu na jina la kijiji. Pasi na vitambulisho vya Uswisi haviandiki mahali pa kuzaliwa, vinaandika mahali pa asili, Heimatort, yaani manispaa ambako ukoo wako una uraia. Roger Federer alizaliwa Basel, lakini asili yake kwenye hati ni Berneck, kantoni ya St. Gallen. Mtu anaweza kuwa "wa Elm" na asiwahi kuiona Elm. Zamani halikuwa jambo la karatasi tu. Ukifilisika mjini, manispaa ya asili ndiyo iliyobeba mzigo wa kukulisha, ndiyo maana nyingine ziliona nafuu kuwachangia nauli maskini wao wahame. New Glarus kule Wisconsin, Marekani, ilianzishwa hivyo mwaka 1845. Na kwa wanawake kuna mtego wa ziada: hadi mwisho wa 1987 mwanamke akiolewa alipoteza asili yake akachukua ya mume. Tangu 1988 alipata ya mume bila kupoteza yake, na tangu 2013 kila mmoja anabaki na yake. Kwa hiyo yule bibi uliyemweka kijiji cha Matt, angalia kwanza aliolewa lini.

Tarehe za kabla ya 1701 sijazigusa. Waprotestanti wengi walihamia kalenda mpya, ya Gregori, kwa kuruka kutoka 31 Desemba 1700 hadi 12 Januari 1701, Wakatoliki wengi walikuwa wamebadili tangu 1584, na kule kantoni ya Graubünden vijiji vya Schiers na Grüsch walikaidi hadi 1811 na 1812. Ukiona ubatizo na mazishi yamepishana siku kumi bila sababu, anzia hapo. Lakini hayo ni ya sura ya Graubünden, na hiyo... tutagombana nayo wakati wake.

Sasa nijibu: mpigachapa ameshatengeneza bamba za sura hii au bado? Akikataa kusubiri, unaweza kubadilisha angalau zile "ni" 25 na jedwali la sensa? Ramani ya Siegfried uliyoweka, ile ya zamani ya Uswisi, ni ya mwaka gani, maana haina tarehe? Graubünden anaisoma nani, wewe au umempa Bakari? Mzee Kombo goti lake likoje? Na ile kamusi yangu ya Kijerumani, umeiazima tangu lini vile?

Wako,
Hamadi