Msinifanye shahidi wa kimbunga: barua kwa wanangu mnaoandika tasnifu

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma vyuoni, Unguja na Pemba,

Assalamu alaykum. Nimefundisha skuli miaka mingi hapa Wete, na tangu nistaafu nimepata kazi nyengine isiyo na mshahara: kuhojiwa. Kila ukifika msimu wa tasnifu mnanijia barazani na hojaji zenu na simu za kurekodia. Karibuni, mlango uko wazi. Lakini liko neno nataka kukwambieni, na nimeona niliseme hadharani ili asione mtu mmoja kuwa kasemwa yeye.

Miaka michache nyuma alinijia kijana mpole, mwenye adabu zake, anaandika juu ya karafuu. Nikamweleza habari za kimbunga cha Aprili 1872, namna kilivyolaza mikarafuu na minazi ya Unguja, huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa, na namna Pemba ilivyoshika usukani wa karafuu baada ya hapo. Nikamwambia na nilivyoipata habari: bibi yangu alinihadithia, naye alihadithiwa na baba yake, aliyekuwa mtoto Unguja siku hiyo. Alisema kulipokucha hawakuijua njia ya kwao kwa miti iliyolala. Kijana akaandika, akanywa kahawa, akashukuru, akaenda zake. Mwaka uliofuata nikaletewa nakala ya tasnifu. Imeandikwa: mhojiwa, mkaazi wa Wete, alishuhudia kimbunga hicho.

Nina miaka 78. Nilicheka mpaka watu wa ndani wakatoka kuuliza kumetokea nini. Kisha kicheko kikanikatika, maana tasnifu ile ilikwisha pita. Msimamizi kaisoma, mtahini kaisoma, imepangwa rafuni, na mwanafunzi wa kesho ataichukua aandike kwamba yupo shahidi wa macho.

Matini ya habari ile, yaani maneno yenyewe, haikuwa na kasoro. Kilichovunjika ni sanadi, yaani mnyororo wa waliopokezana habari. Nyinyi mlipita chuoni kwa maalim kabla hamjakwenda chuo kikuu, kwa hiyo hili si geni kwenu. Hadithi ya Mtume haikubaliwi kwa utamu wa maneno yake. Huulizwa: kaipokea nani, kwa nani, na hao wawili walikutana? Wanavyuoni walimchambua mpokezi mmoja mmoja. Huyu mkweli lakini msahaulifu, huyu kazaliwa baada ya sheikh anayedai kumsikia kuwa keshafariki. Akikosekana mtu mmoja katikati ya mnyororo, hadithi hushuka daraja. Haya mliyasikia tangu wadogo. Basi vipi mkifika kwenye insha ya historia au ya biashara, marejeo yanakuwa pambo la ukurasa wa mwisho, kazi ya usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi?

Chukueni mfano wa Periplus, kile kitabu cha Kigiriki cha mabaharia wa karne ya kwanza. Nimesoma insha si moja zinazosema kuwa kitabu hicho kimeitaja Pemba. Hakikuitaja. Kimetaja kisiwa kinachoitwa Menouthias, na wataalamu wa baadaye ndio wanaovutana: wapo wanaosema ni Pemba, wapo wanaosema Unguja, na Mafia nayo ina watu wake. Mwanafunzi alikisoma kitabu cha mmoja wa wataalamu hao, akaliacha jina la mtaalamu njiani, akaandika jina la Mgiriki. Rai ya mtu wa juzi ikageuka ushahidi wa miaka elfu mbili. Ungeandika tu "kama ilivyonukuliwa katika kitabu cha fulani", ukataja na ukurasa, msomaji angejua amesimama wapi. Kitabu usichokifungua usikitaje kana kwamba umekifungua. Si aibu kusema umekipata kwa mwengine.

Au vile vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga mizinga kasri la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar. Wengi wenu mnaandika kuwa vilidumu dakika 38 kama mnavyoandika jina la baba zenu. Tafuteni zaidi mtakuta 40, mtakuta na 45. Inategemea mwandishi kaanza kuhesabu wapi na kaishia wapi. Kwa hiyo namba ile haiwezi kukaa peke yake. Iwekeeni pembeni jina la mwandishi aliyeitoa. Msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, ni hivyo hivyo. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, pale kwenye kibla yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, lakini sehemu kubwa ya jengo lenyewe ni ya karne ya 18. Anayeandika "msikiti wa 1107 ungali umesimama" amesoma maandishi, hakusoma jengo.

Tatizo, nadhani, linaanzia kwenye daftari. Kwetu wakati wa mavuno familia nzima hukaa usiku kuchambua: karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule. Usipochambua usiku ule, asubuhi vyote vimo kwenye jamvi moja, na vikishakauka pamoja utapata kazi kuvitenganisha. Ndivyo mnavyosoma nyinyi. Sentensi ya kitabu na sentensi yako zimo kwenye ukurasa mmoja bila alama, na baada ya miezi mitatu hata wewe hujui ipi ya nani. Hapo ndipo mtu huiba bila kukusudia. Maneno ya mtu yatieni alama za mtajo palepale mnapoyanakili, na namba ya ukurasa kabla hamjafunga kitabu. Mkenda Kilimani kwenye Nyaraka za Taifa, andikeni namba kamili ya jalada. Yale ya ubalozi mdogo wa Kiingereza huanzia AA, ya sekretarieti ya serikali AB, na baada yake hufuata namba. Mtu akiandika "chanzo: Nyaraka za Zanzibar" basi, amenipeleka kwenye jengo zima nitafute karatasi moja.

Naona mnaiogopa asilimia ya Turnitin, ile programu ya kukagua wizi wa maandishi, kuliko mnavyouogopa uongo. Asilimia ile huonyesha mfanano wa maneno tu. Ukiyapindua maneno ya mtu ukaichukua hoja yake bila jina lake, asilimia itashuka na wizi utabaki palepale. Na nukuu halali kabisa huweza kuipandisha.

Kisha kuna hizi programu za kuzungumza na kompyuta. Binti mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha orodha ya marejeo nzuri, imepangwa, majina ya waandishi, miaka, wachapishaji. Tukatafuta. Vitabu vitatu havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Hakuwa mwongo yule binti, aliuliza, akajibiwa. Lakini kile kitu mara nyingi hakiendi kabatini kukutolea kitabu. Hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na jina la kitabu ni maneno kama maneno mengine. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, na jaji akawatoza wao na kampuni yao faini ya dola 5,000. Watu wazima, wenye shahada zao. Wikipedia angalau huonyesha chini ilikotoa habari. Shukeni huko chini, someni hivyo vyanzo, mvitaje hivyo.

Jambo dogo la majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na mitindo ya kigeni hutaka jina la ukoo litangulie, kwa hiyo babu anageuka mwandishi. Halina dawa nzuri. Tazameni mwandishi mwenyewe alivyojiandika kwenye kazi zake, mfuate hivyo hivyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa kazi yenu, asije mtu mmoja akawa watu wawili.

Na sisi wazee. Mtindo wa kutaja marejeo uitwao APA, ambao vyuo vingi mnautumia, husema mahojiano uliyoyafanya mwenyewe yatajwe ndani ya matini pamoja na tarehe, yasiingie kwenye orodha ya marejeo, kwa vile msomaji hawezi kuyapata. Kanuni hii siipendi. Inamwacha bibi yangu nje ya mlango huku kila mzungu aliyepita hapa wiki mbili ana mstari wake. Lakini sababu yake naielewa, na dawa iko mikononi mwenu: rekodini kwa ridhaa ya mzee, kisha mkaiweke rekodi mahali penye namba, maktaba au nyaraka. Ikishakuwa na namba na mtu anaweza kuifikia, itaingia kwenye orodha kama kitabu. Na kabla hamjaondoka barazani, nisomeeni mlichoandika. Dakika kumi tu. Yule kijana angenisomea neno "alishuhudia", tungelimaliza pale pale na kahawa ingali moto.

Nipo kila siku baada ya Alasiri. Nawe uliyeniandika, najua utaisoma barua hii. Sikukukasirikia, na jina lako silitaji. Nenda maktaba ya chuo chako, uombe kuweka karatasi ya masahihisho kwenye nakala ile. Andika: alisikia kwa bibi yake, naye kwa baba yake.

Wassalaam,
Mwalimu wenu mstaafu, Wete, Pemba