Majibu ya tezi ya mtoto yasisomwe kwa viwango vya wakubwa

Mhariri,

Mjukuu wangu wa miezi miwili alipimwa tezi ya shingo hapa Malindi. Karatasi ikarudi na alama nyekundu: TSH (homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi) 6. Mamake hakulala, mimi nishaanza kuhesabu nauli ya Mombasa. Kumbe viwango vilivyochapishwa pembeni ni vya watu wazima! TSH ya mtoto hupanda sana saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, kisha hushuka, na miezi ya kwanza huwa juu kidogo kuliko yetu. Daktari alirudia kipimo hicho pamoja na T4 (homoni inayotolewa na tezi yenyewe), zikatoka sawa.

Maabara zichapishe viwango kwa umri. Ila TSH ikiwa juu mno na T4 chini, dawa isicheleweshwe, kwani hapo ubongo ndio unajengwa.

Nyanya wa Shella,
Malindi