Bikoni ibaki mpakani

Mhariri,

Hivi karibuni gazeti lako liliisifu shule moja ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kwa kuiita "bikoni ya elimu". Nilikuwa namsomea mama mkwe wangu habari hiyo, hapa Uyole, maana macho yake yamechoka. Akanikatiza: "Kwani shule hiyo ilikuwa haijapimwa?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na ndilo limenifanya nishike kalamu.

Kwa sisi wa Mbeya, bikoni ni kitu cha kushikika. Ni zege ambalo wapima ardhi hulifukia kwenye kona ya kiwanja kuonyesha mpaka wake, kichwa kimebaki kidogo tu juu ya udongo, katikati pana kipande cha nondo na juu yake herufi na namba. Mtu anayetafuta kiwanja Isyesye au Iwambi, kabla hajapatana bei, huuliza bikoni ziko wapi. Akionyeshwa zote, moyo unatulia. Akizungushwa, anaondoka na hela yake.

Najua mwandishi wako alikolitoa neno. Kwa Waingereza ni neno la kale, na mwanzoni lilikuwa na maana ya ishara tu. Baadaye likawa jina la moto unaowashwa kilimani ili walio mbali wauone. Mwaka 1588, meli za vita za Hispania zilipoikaribia Uingereza, mioto ya namna hiyo iliwashwa kilima hadi kilima kupeleka habari. Kutoka hapo jina likaenda kwenye taa za kuongozea meli na ndege, na siku hizi hata kwenye vile vifaa vinavyotoa mawimbi ya redio ndege ikianguka, waokoaji wapate pa kufuata. Shule inayoongoza wengine nayo ikapewa jina hilo hilo, kwa Kiingereza chao.

Sisi tulilipokea kwa mlango mwingine, mlango wa wapima ardhi. Kazi yao tangu zamani ilikuwa kuweka alama kwenye vilele vya milima, kisha kuzilenga kwa chombo chao kutoka kilele kingine, mchana kwa kioo kinachorudisha mwanga wa jua na usiku kwa taa, ndipo wakokotoe pembe na umbali. Alama ya mlimani na alama ya kiwanjani zikaitwa jina moja. Taa ikazimika, zege likabaki, na hilo zege ndilo lililoingia kwenye Kiswahili.

Mwanga unaoongoza tayari una majina yake. Tuna nuru, tuna taa, tuna kurunzi, na tuna mwenge, ambao hakuna Mtanzania wa kuuliza maana yake. Mwalimu Nyerere aliposema mwaka 1959 kwamba tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, alikuwa anaeleza kile kile ambacho Waingereza walikifanya kwa mioto ya vilimani. Ukawashwa huko juu usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Tazama basi tofauti: mwenge humulika hata ng'ambo ya mpaka, na bikoni ndiyo inayoushika mpaka wenyewe. Ukiita kimoja kwa jina la kingine, umevipoteza vyote viwili.

Pengine utaona nakuza jambo dogo. Mwaka juzi mafundi waliokuwa wakijenga kwa jirani waliing'oa bikoni ya kona tunayopakana, wakaifanya figa la kupikia ugali wao. Niliikuta motoni, chini ya sufuria, namba yake bado inasomeka kwenye masizi. Kijana aliyekuwa anasonga alishangaa kwa moyo wake wote: "Mama, mimi nilijua ni zege lililobaki tu." Nilimwamini. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa jiwe lile linasema kitu. Sheria ya Upimaji Ardhi inakataza kuzing'oa au kuziharibu alama hizi, lakini sheria haijaandikwa juu ya zege. Kwa hatua moja na nusu ya ardhi, nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi zilikaa miezi bila kusalimiana, mpaka mpima aliporudi na chombo chake na gharama tukagawana.

Ndiyo maana neno hili linaniuma. Bado tuna watu wengi wasiolijua, na viwanja vinapimwa kila mwaka. Mtoto akilisoma gazetini kwa maana ya taa, atalitambuaje zege lenyewe siku jembe lake litakapoligonga shambani kwa babu yake?

Nakuomba, Mhariri, shule ile uiite mwenge wa elimu, inastahili. Na siku mkipata nafasi, wekeni picha ya bikoni, kubwa, iliyopigwa karibu, namba zionekane, na chini yake mwandike kazi yake kwa sentensi mbili. Nitaikata niibandike dukani kwangu, mahali mafundi wanapokuja kununua misumari.

Ya kwetu iliyorudishwa nimeizungushia matofali manne, nikaipaka chokaa.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya