Unga wa karanga usiishie kwa kuku

Mhariri,

Hapa Kongwa mlenda bila karanga ni maji ya kijani. Mke wangu akizitwanga, mafuta hung'aa hadi kwenye mpini wa mchi, maana karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Daktari kaniambia nipunguze, ladha je?

Karanga zikikaangwa na kukamuliwa sehemu ya mafuta, hubaki mashudu, ambayo yakisagwa huwa unga wenye protini nyingi zaidi. Sisi mashudu hayo twawapa kuku! SUA, chuo kikuu cha kilimo, wapo Morogoro, si mbali: watutengenezee unga huo wa kutia kwenye mlenda. Ila waanze na sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye karanga na nafaka, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Haiishi kwa kukaanga, na mnadani karanga zilizosinyaa, zinazoshukiwa zaidi kuwa nayo, bado zinapimwa kwenye kopo lilelile na nzima.

Msomaji, Kongwa